Kikombe cha Mama Kimegawanyika

Mtaa wa Cherry,
Philadelphia,
Novemba 9, 1795.

Mpendwa dada Apollonia,

Salamu kutoka kwenye matope ya huku hadi huko kwenu Marietta, ambako nasikia matope ni mengi zaidi. U hali gani? Na kifua cha shemeji Matthias kimetulia? Mimi mzima, ila nakohoa vumbi la fedha, ugonjwa wa kitajiri kwa mtu mwenye soksi moja nzima.

Dada, kaa kwanza. Kile kikombe cha fedha cha Mama nimekiyeyusha.

Usininunie kabla ya kumaliza karatasi. Ni wewe uliyeandika kwamba kama siwezi kukuachia, nikikate kwa msumeno nikutumie nusu yako. Nimekitazama miezi miwili, nikaona nusu kikombe hakinywewi na mtu. Na hapa kazini, kwenye kiwanda cha sarafu, yeyote akileta fedha yake hupigiwa sarafu. Mwenye haraka hupewa zilizo tayari, za fedha ya watu wengine. Mwenye subira hungoja yake. Nikangoja.

Mzee Strauch, myeyushaji wetu, alikubali kukiyeyusha peke yake kwenye chungu kidogo, kwa ahadi ya soseji. Kilikaa wima kitambo, kama kinachofikiri, halafu ule mdomo wenye alama ya jino lako ukalegea, kikalala. Sikujua nimeinama kiasi gani.

“Rudi nyuma, Tobi,” mzee akaniambia. “Chozi likidondoka humu, chungu kitaruka, tuzikwe sote karibu na mama yako.”

Kilimiminwa kikawa mche wa fedha. Farasi wakazunguka chini, roli za chuma za kubana zikazunguka juu, ule mche ukapita katikati ukitoka mwembamba kila mara, nami nikamwona Mama na unga mikononi akisukuma donge mezani. Kisha ukatobolewa visahani vinane vya kupigia sarafu, vikaletwa kwangu.

Kazi yangu unaijua: kisahani kizito nakipunguza kwa tupa hadi mizani itulie, chepesi kinarudi chunguni. Hivi vyote vilikuja vizito kidogo. Kila kimoja nikakipiga mikwaruzo mitatu ya mshazari, kama Mama alivyokuwa akichanja mkate kabla ya kuuingiza tanurini. Saba vikaenda vizuri. Cha nane kilinikuta niko mbali, jikoni kwetu, nasikia harufu ya ganda la mkate, na mkono ukaendelea bila mimi.

Pruitt wa mizani alikiweka, akakitazama, akanitazama.

“Hiki umekila, bwana. Kirudi.”

Nikamweleza ni cha nani. Akakipima tena.

“Ningekuachia, Tobi. Lakini kesho kila mtu humu ataniletea mama yake.”

Alasiri ile palikuwa na chungu kikubwa tu, chenye vijiko, vifungo vya viatu na sarafu za Kihispania. Nilimwona Mama akiingia humo pamoja na wageni. Hakuonekana kujali.

Saba zikapelekwa kwenye shinikizo la kupigia chapa, wanaume wawili wakavuta mkono wake, na kila pigo likaacha yule bibi wetu wa kwenye dola, nywele zikipepea. Hiram, mmoja wa wale wavutaji, alinitania kwamba mama yangu ana nywele nzuri. Mama, aliyezificha chini ya kofia hadi siku ya kufa. Lakini mikwaruzo haikufutika: papasa hizo nywele kwa kidole gumba, utaikuta mitatu.

Nne nakutumia kwa mkono wa Bwana Keller, zimeshonwa ndani ya pindo la koti lake, naye hajui ni pindo lipi. Tatu ni zangu. Ya nane, niliyoiharibu mimi, naihesabu fungu langu. Nilipewa nyingine badala yake, laini kabisa bila mkwaruzo, nikanunulia soseji ya Strauch.

Hiyo iliyopotea imo mjini, ndani ya sarafu za watu. Siku hizi nikirudishiwa chenji kwa muuza chaza naigeuza kwenye mwanga, kisha naiachia iende. Mama hata hivyo hakuwahi kukaa nyumbani siku ya soko. Nawe ukipungukiwa huko, toa moja bila kuniuliza. Yule wa huku mjini atapata mwenzake wa kuzunguka naye.

Msalimie shemeji, na Lisbet umbusu kwenye kipaji cha uso. Shangazi Dorothea anawasalimu, bado anakataa kufa. Mungu awafunike wakati huu wa baridi.

Mdogo wako akupendaye, mwenye kucha za fedha,

Tobias