Baba Yetu Platon Yegorovich, Aliyepigania Wimbo wa Tasya

“Utakufa kwa sababu ya wimbo, mwehu wewe!”

“Si wimbo, Glafira! Ni mwanangu!”

“Kwani mimi sikumzaa? Lete hiyo bastola!”

Hivyo ndivyo wewe na Mama mlivyokuwa mnafokeana asubuhi ile, Baba. Leo mwaka umetimia tangu urudishwe nyumbani kwa sleji, lile gari la kuburutwa na farasi thelujini, risasi tumboni, theluji imelowa damu njia nzima.

Tunazikumbuka hasira zako. Ulitafsiri washairi wa Kijerumani huku ukipiga mizani mezani kwa ngumi, sahani zinaruka, supu ya kabichi inamwagika. Shangazi Yevpraksia anauliza, “Kaka, huyo Mjerumani kakukosea nini?” Ukacheka mpaka machozi. Kijana mmoja alikuletea tafsiri mbovu, ukamrushia kichupa cha wino. Kesho yake ukampelekea koti lako, maana lake ulishaliharibu.

Ila shairi la Tasya hukulipigia meza. Dondakoo lilimnyonga binti yako huyo akiwa na miaka minne tu, ukaliandika kimyakimya, siku tatu huli. Rafiki yako akalitungia muziki wa kinanda, Petersburg nzima ikaliimba. Mama hakupenda. Ukamwambia, “Waache waimbe. Angalau anatajwa.”

Halafu usiku mmoja hotelini, luteni mmoja mlevi akaliimba kwa maneno machafu ya kutunga mwenyewe, jina la Tasya humohumo, meza nzima inaangua kicheko. Ukampasua mdomo kwa chupa. Akatema meno mawili, akadai mkapigane kwa bastola.

“Baba, muombe radhi tu yaishe,” mwanao Rodion alikusihi.

“Radhi ya nini? Kwamba nimembakizia mengine?”

Mama akakuzaba kofi. Akakurarua ukosi wa shati. Akakupiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na wewe, uliyekuwa humwachii mtu, ukasimama tu unapigwa mpaka mikono yake ikachoka.

“Glasha,” ukamwita kwa jina lake la mapenzi, “nikinyamaza, kesho watoto wa barabarani watamwimba hivyohivyo.”

Leo tumepika ngano na asali, chakula cha kuwakumbuka marehemu, tumekuletea kaburini. Tupo mkeo Glafira, dada yako Yevpraksia na mwanao Rodion. Hutatoka mioyoni mwetu hata tuzeeke. Wote watatu tulikuwepo asubuhi ile, na hakuna aliyekuziba njia. Ulitubusu mmoja mmoja, ukavaa kofia, ukatoka. Na mlango, ambao siku zote ulikuwa unaubamiza, ukaufunga taratibu.