Mhudumu Asiyeitikia Salamu

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Kasingirima tu wazima. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike, na babu yako goti bado linamsumbua.

Unaniuliza kama ulikosea kumnyima bakshishi yule mhudumu wa huko Dodoma, aliyekuwekea chakula bila hata kuitikia salamu yako. Mimi niliwahi kuwa mhudumu wa namna hiyo.

Nilikuwa nimetoroka kambini. Ya kambini siyaandiki. Mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stesheni ya Kigoma alinipa kazi kwa sharti moja: nisifungue mdomo mbele ya wateja. Kwa neno la kwanza tu wangejua mimi ni Mrundi, na mkimbizi aliyekutwa mjini bila kibali alikuwa anakamatwa.

Siku moja mzee mmoja alikaa, akasubiri shikamoo yangu. Alipoona kimya, akasalimia mwenyewe: "Hujambo, binti?" Nikamwekea ugali na samaki wa mgebuka, nikainamisha kichwa. Alipomaliza kula aliacha sarafu mezani, kisha akarudi kuichukua.

"Huyu kwao hawakumfundisha adabu," akawaambia wote. Watu wakacheka.

Aliyenifundisha nilikuwa nimemwacha kaburini, ng'ambo ya mpaka.

Bakshishi ni yako, Neema, utoe usitoe. Hata mimi sarafu ile sikuililia. Lakini shikamoo niliyoshindwa kumpa yule mzee ninayo kooni mpaka leo, na sijamsamehe.

Bibi yako