Mhariri Mgeni Anayebadilisha Mlango wa Mto Ruvuma

KIKUNDI CHA WAHARIRI WA KAMUSI ELEZO HURU YA MTANDAONI, MTWARA
KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 22 Novemba 2025
Mahali: Duka la kutengeneza simu la Bw. Muzamil, Magomeni
Muda wa kuanza: Saa 1:10 asubuhi

Waliohudhuria:
Mwl. Thabiti – Mwenyekiti
Bi. Rehana – Mjumbe, mwangalizi wa makala za pwani
Bw. Muzamil – Mjumbe
Joshua – Katibu

Mwalikwa: Bi. Somoe, mwokota chaza, kutoka kijiji cha karibu na mlango wa Ruvuma

Hakuhudhuria: Bw. Amiri. Alituma ujumbe kwamba hatakaa meza moja na Bi. Rehana mpaka makala yake ya timu ya mpira ya Ufukoni irudishwe.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua. Alieleza kwamba kikao kimewekwa mapema kwa sababu katibu anaingia zamu ya kupakia korosho saa tatu. Sababu ya pili ni kwamba Bi. Rehana amekwisha kupeleka ombi kwa wasimamizi wakuu wa tovuti, akitaka mhariri mgeni afungiwe asihariri tena. Ombi litaamuliwa leo saa sita mchana. Mhariri huyo ni Bi. Somoe.

KUMB. NA. 2/11/2025: MALALAMIKO
Bi. Rehana alieleza kwamba tangu Aprili mgeni huyu ameingia mara kumi na nne kwenye makala ya mlango wa Ruvuma. Kila mara anafuta sentensi inayosema mkondo wa kupita vyombo vya majini uko upande wa kaskazini, anaweka yake, na yake haifanani na ile aliyoweka mwanzo. Mara mkondo uko kati, mara uko kusini. Hataji kitabu wala gazeti. Bi. Rehana amerudisha sentensi ya zamani mara zote kumi na nne, na ametoa maonyo matatu. Majibu ya mgeni yalisomwa: "Ahsante mwanangu, na wewe upite salama."

Bw. Muzamil alicheka. Alisema dada Rehana ana kidole chepesi kuliko askari wa barabarani. Bi. Rehana alimjibu kwamba bila kidole hicho makala zote zingekuwa matangazo ya biashara na matusi. Mwenyekiti aliwataka wote wawili waheshimu mwalikwa, ambaye alipanda bodaboda tangu alfajiri.

KUMB. NA. 3/11/2025: MAELEZO YA BI. SOMOE
Bi. Somoe alieleza kwamba anaokota chaza kwenye mafungu ya mchanga maji yakitoka, mwaka wa thelathini sasa. Kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, mto na bahari hupigana na mchanga huhama. Yeye huingia majini akapima mkondo kwa mwili wake: hapa goti, hapa kiuno, hapa kifua. Zamani alikuwa anawaambia manahodha kwa mdomo. Siku hizi manahodha wageni, hasa wa ng'ambo ya Msumbiji, wanauliza simu, na simu inawaletea makala yetu.

Mwenyekiti aliuliza nani alimruhusu kuandika. Bi. Somoe alijibu: "Nimekuta pameandikwa Hariri. Nikajua naambiwa mimi."

Bi. Rehana alisema hii ni kamusi elezo, si ubao wa matangazo, na kila jambo lazima liwe na chanzo. Sentensi ya zamani ina chanzo, kitabu cha mwaka 1958.

Bi. Somoe alijibu kwamba kitabu hicho huenda kilisema kweli mwaka huo. Ila mwezi wa tisa chombo chenye watu sita kilifuata maneno hayo, kikapanda fungu la kaskazini na kulala ubavu. Watu walishikilia mbao tangu adhuhuri hadi magharibi. Wote walitoka hai. Mmoja alikuwa mja mzito.

Bi. Rehana aliuliza tarehe. Alipotajiwa aliangalia simu yake. Alikuwa amerudisha sentensi ya zamani siku moja kabla. Aliiweka simu mezani, kioo chini.

KUMB. NA. 4/11/2025: UPIMAJI
Bw. Muzamil alipendekeza maneno ya mwalikwa yapimwe. Alisema kwenye kamusi hii hakifutiki kitu. Maandishi yote kumi na manne yaliyoondolewa bado yamo kwenye historia ya makala. Alifungua kompyuta akatafuta picha za setilaiti za mlango wa mto kwa tarehe hizo hizo. Bi. Somoe aligeuzwa akaangalia ukuta. Mwenyekiti alitaja tarehe moja moja kwa mwezi wa Kiislamu, kwa sababu ndivyo mwalikwa anavyohesabu, naye akaeleza mchanga ulikuwa wapi.

Picha nne zilikuwa na mawingu. Zilibaki kumi.

Ya kwanza ilikubaliana naye. Ya pili pia. Katika ya tatu alisema fungu lilikuwa na mkia kama wa samaki taa. Bw. Muzamil alikuza picha, na mkia ulikuwepo. Ya nne hadi ya saba zilikubaliana naye, Mwenyekiti akitaja tarehe na mama huyo akijibu ukuta. Ya nane ilimkataa. Bw. Muzamil alipomwambia, alijibu bila kugeuka: "Hiyo nilikuwa naumwa. Alipima mkwe wangu, naye anaogopa maji." Ya tisa na ya kumi zilikubaliana naye.

Inaandikwa kwamba Mwenyekiti alivua kofia. Katibu naye aliacha kuandika, kwa hiyo baadhi ya maneno ya hapa hayamo. Katibu ametoka Kakonko, amefanya kazi mji huu miaka sita, na hajui hata mtaro wa nyuma ya ghala lao unaishia wapi. Mtu huyu anaujua mto unaohama, goti kwa goti, na sisi tulikuwa tunamfuta kwa kidole.

KUMB. NA. 5/11/2025: MAAZIMIO
Sentensi ya mkondo wa kaskazini iondolewe leo. Iandikwe kwamba mkondo huhama kila bamvua na nahodha aulize wenyeji kabla ya kupita. Bi. Rehana alisisitiza kwamba vipimo vya kila bamvua bado si vya kamusi elezo. Bi. Somoe alikubali, mradi vipate pengine. Bw. Muzamil atafungua kundi la simu la manahodha, na Bi. Somoe ataandika humo.

Mwenyekiti aliuliza nani atawaandikia wasimamizi wakuu. Bi. Rehana alisema ni yeye. Aliandika hapo hapo na kusoma kwa sauti: "Naondoa ombi langu. Mgeni alikuwa sahihi. Aliyeharibu makala ni mimi." Bw. Muzamil alimshauri aondoe sentensi ya mwisho. Alikataa, akatuma saa 2:35.

KUMB. NA. 6/11/2025: KUFUNGA KIKAO
Bi. Somoe aliomba ruhusa kwa sababu maji ya bamvua hii yatakuwa nje saa nne na nusu, naye hajapima. Kikao kilifungwa saa 2:40 asubuhi bila mengineyo. Wajumbe wakiwa wamesimama, Bi. Rehana alimuuliza kama anaweza kufuatana naye. Bi. Somoe alimtazama miguuni.

"Viatu utaviacha kwangu," alisema.

Walipanda bodaboda moja. Katibu alikwenda ghalani.

Mwl. Thabiti ........................ Mwenyekiti
Joshua ........................ Katibu