Mchanga wa Githongo

Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukipepeta ndengu zako, magoti yakiwa yamekupa nafuu kidogo. Jua la Ishiara limepungua au bado linawachoma? Mimi ni mzima hapa Majengo, na mama mwenye nyumba akipika pilau hanisahau.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikitaja mgonjwa aliyefariki, unaniuliza kama huku mvua imenyesha. Mara ya mwisho ukaniambia niache kazi ya kukaa na wanaokufa, nirudi tuuze ndengu sokoni. Mama, nusura nikutii.

Pale kituoni tulikuwa na bibi mmoja wa Githongo. Nilimwosha na kumlisha kwa miezi. Alikuwa mchokozi: alidai sisi watu wa kwenye joto hatujui kuponda mukimo, kisha anafungua mdomo aongezwe. Siku za mwisho vidole vyake vilichuma blanketi kama anachuma kahawa. Nilimshika mkono hadi pumzi yake ya mwisho. Jioni ile ile kitanda kikapata mgonjwa mwingine, nami nikamkaribisha kwa tabasamu.

Baada ya hapo chakula kikanishinda. Nilifua mashuka huku machozi yananitoka, nisijue namlilia nani kati ya wote niliowahi kuwashika. Nikamwendea Sista Kagendo, msimamizi wetu, kumwambia naacha kazi. Hakunibembeleza.

“Uko na matanga imekwama kwa kifua,” akasema. “Enda umzike huyo mama, ulie na wenyewe. Ukirudi ndio tuongee.”

Huko Githongo nilisimama nyuma kabisa. Bintiye mkubwa akaniona, akanivuta mpaka kaburini.

“Huyu ndiye alishika mama mkono,” akawaambia watu. “Na yeye aweke mchanga kama sisi watoto.”

Nikaweka. Nililia bila aibu, nikala mukimo wao sahani mbili, na nikalala usingizi wa kweli.

Kwa hiyo nimebaki, Mama. Siku hizi mgonjwa akituaga, tunaketi kwa chai na Sista, tunamzungumzia marehemu, hata vituko vyake. Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu wangu wenzangu wanaujua uzito wake.

Nisalimie shangazi wa mitumba, na kaka Njeru umwambie asithubutu kumuuza mbuzi wangu. Nikija Krismasi nitakusimulia habari za bibi yule, na huenda nikalia. Nakuomba siku hiyo usiniulize kama mvua imenyesha.

Bintiyo,
Wanja