Wekundu wa Mninga

Tumbi, Kibaha
4 Mei 1953

Kwa dada yangu Mwanahalima,

Shikamoo dada. Mimi mzima, ila mikono imejaa malengelenge. Mama hajambo? Na baba, bado hataki kusikia jina langu?

Nina shida inayomhusu yeye. Padri wa hapa anarudi kwao baada ya miaka thelathini, na Wakristo wameagiza kwa tajiri yangu, Bwana Athanas, ubao wa kukatia mkate uliotiwa njumu ya maua, yaani mti kupachikwa ndani ya mti. Kazi nimepewa mimi. Ua la kwanza nililipaka rangi za dukani. Mama Ursula, mke wa Bwana Athanas, akajaribu kukatia ndimu juu yake, na wekundu wote ukachuruzika. Bwana Athanas akaniambia, "Rangi ya kweli mti huzaliwa nayo. Katafute."

Ajuaye miti kuliko baba simjui. Sijasahau kwamba miaka mitatu iliyopita nilimwambia useremala wake ni wa mipini ya majembe, nikaondoka bila kuaga. Hata hivyo niulizie, dada. Nyeusi, nyeupe, njano na nyekundu, nitumie miti gani?

Mdogo wako,
Kibwana


Marui, Kisarawe
17 Mei 1953

Mdogo wangu Kibwana,

Marahaba. Tu wazima. Mama anakusalimu, miguu inamsumbua kidogo tu.

Nilipomsomea baba barua yako aliuliza, "Ameandika mwenyewe?" Asubuhi akachukua shoka. Haya ni maneno yake, kama alivyoyatamka:

"Mwambie nyeusi ni kiini cha mpingo, ile kingo yake nyeupe aitupe. Nyeupe ni mndimu. Aukaushe kivulini, juani utapasuka. Njano ni mfenesi, lakini njano hiyo huzeeka ikawa kahawia, asimfiche mwenye ubao. Nyekundu ni mninga, na mninga si wote mwekundu. Halafu ukiwa mbichi hutoa maji kama damu, atachafua mkate wa watu. Anataka uliokufa zamani. Mmoja naujua, umeanguka bondeni. Nitaukata mwenyewe."

Hiyo mitatu anakuletea Zahoro, jirani yetu anayepeleka nazi huko. Baba alilowesha kila kipande kwa mate, akakigeuzageuza juani kama mwanamke anayechagua kanga. Sijamwona hivi tangu uondoke.

Dada yako,
Mwanahalima


Marui
2 Juni 1953

Kibwana ndugu yangu,

Salamu sana. Safari hii sitasema tu wazima.

Juzi baba alikwenda bondeni peke yake. Gogo lilipokatika lilibiringika likambana nyonga. Zahoro ndiye aliyemkuta, jua likizama. Mganga wa mifupa amemfunga, lakini paja limevimba na homa haishuki. Hakukubali kubebwa mpaka kipande chako kichukuliwe kwanza. Zahoro anakuletea pamoja na barua hii.

Baba hajanituma nikuite. Ninakuita mimi. Njoo.

Dada yako,
Mwanahalima


Tumbi
8 Juni 1953

Dada Mwanahalima,

Shikamoo. Nimeshtuka sana. Mpe baba pole yangu, na mama pia.

Mninga umefika. Sijapata kuona wekundu wa namna hii. Bwana Athanas aliushika akasema kazi ikitoka vizuri atanifanya fundi mkuu wa karakana. Padri anaondoka tarehe 27. Nikija Marui sasa, ubao atapewa mwingine, na jasho la baba litakuwa limekwenda bure. Mfupa huunga, dada. Nikimaliza tu nitakuja.

Ninamletea dawa ya kuchua na sukari kidogo.

Mdogo wako,
Kibwana


Marui
16 Juni 1953

Kibwana,

Marahaba. Mama hali chakula.

Dawa ya kuchua haina kazi, ngozi ya paja imeshakuwa nyeusi. Jana baba aliuliza, "Amesema anakuja lini?" Nikamwambia Ijumaa. Akisikia hatua za mtu uani ananyamaza asikilize. Nimemdanganya mgonjwa kwa ajili yako. Usinifanye mwongo.

Dada yako,
Mwanahalima


Tumbi
28 Juni 1953

Dada yangu,

Shikamoo. Nawaombea mwe wazima nyote, baba zaidi.

Barua yako ya tarehe 16 nimeifungua leo. Ilifika siku nyingi. Niliutazama mwandiko wake nikaogopa, nikaiweka chini ya godoro, nikajiambia nikiisoma mkono utatetemeka na njumu itaharibika. Mkono haukutetemeka. Padri alilia mbele ya watu. Bwana Athanas amenikabidhi funguo za karakana.

Sasa nimesoma, na siwezi kula. Kesho kutwa ninaomba ruhusa. Dada, niambie bado yupo.

Mdogo wako,
Kibwana


Marui
3 Julai 1953

Kibwana,

Marahaba. Mama anaamka sasa, anakunywa uji.

Baba alifariki Jumamosi, tarehe 20, kabla ya adhuhuri. Tulimzika alasiri. Sikumtuma mtu kwako. Nilisema aliyeshindwa kuja kwa mgonjwa asisumbuliwe kwa maiti. Mama hajanisamehe hilo, nami sikuombi unisamehe.

Ile Ijumaa niliyomtajia, Zahoro aliingia kumjulia hali. Baba alikuwa haoni tena vizuri. Alimshika mkono akasema, "Kibwana, umefika?" Zahoro akanitazama. Kisha akamjibu, "Nimefika, baba." Baba akauliza, "Umekula?" Akajibu amekula. Basi akamshika mkono hivyo hivyo mpaka usingizi ukamchukua. Kesho yake Zahoro ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, mahali pako.

Kwake yeye ulifika. Kwetu sisi bado.

Dada yako,
Mwanahalima