Skrubu ya Kabureta ya Kushoto

2 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, ila miguu. Zahanati imenipa wagonjwa kumi na mmoja wa kuwauguza majumbani mwao, wengine kule juu kilimani, nami nawafikia kwa kutembea. Kwa hiyo nimenunua pikipiki langu la mtumba. Lina kabureta mbili, na linazimika kila ninapopunguza mwendo. Fundi wa mtaani amelitazama akacheka: "Dada, aliyekuuzia hii bado anakuombea dua."

Muuguzi mkuu amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Nisipopata usafiri wa uhakika, wagonjwa wa kilimani nitanyang'anywa. Wewe ulifundisha ufundi miaka thelathini na moja. Nifundishe kwa barua, maana simu hupokei. Kaka naye analalamika hivyo hivyo. Anasema ukiendelea kunyamaza atakuja akuhamishie kwake.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Simu ni mbovu. Mwambie kaka yako hivyo, na umwambie pia kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Pikipiki ni "yangu", si "langu". Si debe.

Sasa sikiliza. Fungua kabureta moja tu, ya kushoto. Ya kulia iache nzima, ikuoneshe kila kitu kinapokaa. Wanafunzi wangu waliofungua zote mbili kwa pamoja walibaki na vipande vya ziada na maelezo mengi. Jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia mafuta, zisafishe kwa petroli na pumzi yako. Usizichokonoe kwa waya. Ubavuni utaona skrubu ndogo yenye ncha kama sindano. Ndiyo inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kabla ya kuitoa, izungushe kwenda ndani polepole huku ukihesabu mizunguko, na hesabu hiyo uiandike. Ikigusa chini, uikaze. Kisha uitoe.

Usiharakishe.

Baba yako

21 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za tangu siku ile? Huku si kwema sana. Nilitandaza shuka kuukuu mezani, nikafuata kila neno lako. Jeti zilisafika hata nikaona mwanga upande wa pili. Ile skrubu ilizunguka mara mbili na nusu, ikagusa chini, nikaikaza. Nikasikia "ta". Nilipoitoa, ilitoka bila ncha. Ncha imenasa ndani ya tundu.

Niliipeleka kwa fundi. "Nani alikwambia ukaze hii?" akauliza. "Hii inaguswa kama jicho la mtoto mchanga." Nikamjibu kwamba nilijiamulia mwenyewe. Anasema tundu limepasuka, na kabureta ya aina hii haipatikani tena madukani.

Baba, labda sikukuelewa. Unakula vizuri?

Binti yako

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nakula.

Nilikuandikia wazi usiikaze. Hilo nilikuwa nikiwaambia wanafunzi siku ya kwanza, kabla hawajashika bisibisi. Ulisoma kwa macho au kwa kisigino? Ndivyo ulivyokuwa tangu shuleni: unaona neno la kwanza, mengine unayabuni. Nirudishie barua yangu nikupigie mstari pale uliporuka.

Baba yako

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako hii hapa ndani. Mimi sijaipigia mstari wowote.

Binti yako

5 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Barua imekaa mezani mwezi mzima. Nimeisoma asubuhi, nimeisoma mchana, nimeisoma kwa sauti. Imeandikwa "uikaze". Ile "si" haimo. Nilidhani umeifuta, nikaipeleka dirishani kutafuta alama ya kufutwa. Hilo nalo unisamehe.

Simu si mbovu. Mwezi wa Januari niliamka mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia ukakataa kufunga kifungo cha shati. Mkono umerudi kiasi. Maneno ndiyo yanayonitoroka. Kichwani nayaona yamekamilika, kwenye karatasi yanafika mengine. Nikizungumza, muuza mkate ananipazia sauti kana kwamba mimi ni kiziwi. Barua hii nimeiandika kwa siku nne.

Kaka yako asijue. Akijua, atanipakia garini pamoja na godoro langu, na karakana yangu ataifunga. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako

11 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimemwambia.

Nilimpigia simu saa ile ile barua yako ilipofika, nisije nikapata nafasi ya kujishauri. Kila siku nawageuza vitandani watu waliopatwa na hicho ulichopatwa nacho, na wengi wao walikaa nyumbani wakisema ni uchovu. Kiharusi cha pili kikija, huenda kisikuachie hata mkono huo wa kuandikia.

Na mimi nina langu. Ile barua yako ya Machi, mistari yake ilikuwa ikiteremka upande wa kulia na herufi zimelaliana. Ungekuwa mwandiko wa mgonjwa yeyote, ningeuliza maswali. Wako niliusoma nikitafuta skrubu.

Wagonjwa wa kilimani wamepewa mwenzangu mwenye gari. Pikipiki imeegemea ukuta wa uani, upande mmoja mtupu. Siidai kitu kwa sasa.

Tunakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, Kaka na mimi, tukupeleke hospitali. Kuhusu kuhama, nilimtaka Kaka akuulize kwanza, na akuulize akiwa ameketi. Amekubali la kuketi tu. Lile jingine tutagombana naye njiani.

Najua umekasirika. Nifokee kwa mdomo wako, hata kama itachukua asubuhi nzima. Nitakaa mbele yako ningoje neno lifike.

Binti yako