Kilichooza Ndani ya Kiti cha Mama

Ihanda, Karagwe
20 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Joviana,

Habari za Mbeya na baridi yake? Shemeji na watoto hawajambo? Shikamoo zako nimezipokea zote, marahaba. Sisi tu wazima, ila mimi wiki nzima chakula hakipiti kooni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Mama husikiliza kila neno.

Lile gari ulilomletea Mama, lenye kiti cha nyuma cha kumpasha mgongo, kiti kilikufa. Ukibonyeza swichi taa inawaka, lakini kiti ni baridi kama sakafu ya kanisa. Mama naye akagoma kwenda kliniki ya mgongo wiki mbili mfululizo, eti amepona. Amepona wapi, na kuinuka mpaka ashikwe mkono?

Nikaanza na fundi mmoja wa Kayanga. Mungu anisamehe, yule ni balaa lenye bisibisi. Hakupima chochote. Aliunga waya moja kwa moja kwenye betri, kiti kikafuka moshi, naye akacheka! Nilitamani nimkalishe juu yake.

Ndipo nikamwita binamu yetu Nestory wa Songambele, yule wa kutengeneza redio. Alikuja na kipimo chake. Fyuzi nzima, swichi nzima, umeme unafika hadi chini ya kiti. Akasema waya umekatika ndani ya ule mkeka unaopasha joto. Tukafungua zipu ya kitambaa.

Joviana, uvundo uliotoka humo! Panya alikuwa amezaa mle. Vitoto saba vyekundu, havina hata unyoya, vimelala katikati ya mfuko wa senene, panzi wetu watamu, waliooza, mafuta yamelowanisha sponji, funza wanatambaa. Nilitapika penye mgomba, Nestory akanifuata. Waya ulikuwa umetafunwa sehemu mbili. Sponji tulichoma, tukatia nyingine, Nestory akaunga waya na kuuchomelea vizuri.

Nilifoka uani mpaka majirani wakatoka. Nani ametia senene kwenye kiti? Mama akajibu akitazama chini: “Mvua haikuliachia jua hata siku moja. Nikaona kiti kina joto, nikawaweka wakauke. Ni wa Joviana. Mtoto kaninunulia joto, nami nimpe nini?”

Kumbe hakuwa amepona. Aliona haya kupanda gari, maana alijua ameua kiti chako. Hasira ikaniisha, kinyaa kikabaki. Jana nilimpeleka kliniki, na njia nzima hakuguna.

Kwenye kifurushi hiki kuna kopo la senene wapya, safari hii kawakausha juu ya jiko. Mimi sionji tena senene mpaka naingia kaburini, hata harufu yao siitaki. Lakini wewe kula, umpigie simu, umwambie ni watamu. Ila asijue kwamba nimekusimulia haya.

Shangazi Anatolia na Nestory wanakusalimu. Mungu awalinde nyote, na panya wakae mbali na nyumba yenu.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ambaye bado ananawa mikono,

Mwesiga